Redio ikigoma ukiwa angani: cha kufanya pale mnara usipokujibu

Hii nawaandikia hasa nyie mnaojifunza urubani na wale mlioshika leseni juzi juzi, mnaoruka na vindege vidogo kutoka Wilson ya Nairobi, Arusha, Zanzibar na kwingine, maana hili somo darasani linapitwa haraka haraka, kwenye mtihani unakariri rangi za taa ambazo mnara unakumulikia redio ikikata, unafaulu, unasahau. Kisha siku moja uko zako juu unaita mnara, yaani waongoza ndege wa uwanja, kimya. Unaita tena, kimya. Mkono unaanza kutoa jasho, akili yote inahamia kwenye redio na ndege yenyewe inabaki haina mtu.

Nianze na ninaloliamini kuliko yote. Redio kukata kwenyewe hakuangushi ndege, injini inazunguka vilevile na mabawa yanabeba vilevile. Hatari inaingia pale unapoanza kufanya mambo ambayo mtu wa mnarani hakuyategemea. Yeye kule amesomeshwa utaratibu uleule uliosomeshwa wewe, kwa hiyo ukiufuata anajua utapita wapi na utafanya nini hata kama hamsikilizani, na ataziondoa ndege nyingine njiani kwako. Ukijitungia wa kwako, wote mnabaki mnabahatisha. Basi kila nitakachosema hapa kipime kwa swali moja tu: je, yule mwongoza ndege anategemea nifanye hivi?

Kwanza rusha ndege. Shika kimo, shika spidi, angalia nje. Kama ulishapewa ruhusa ya kuingia endelea na lile uliloambiwa mwisho, na kama hujapewa ruhusa baki nje ya eneo la mnara, zunguka mahali unapopajua vizuri huku macho yako nje, ndo uanze kukagua. Usiinamishe kichwa dakika nzima unachezea vitufe wakati mbele yako kuna watu wengine wanakuja na wao wanaelekea uwanja huohuo.

Sasa kukagua. Mara nyingi sana redio haijafa, kuna kitu kidogo kimehama mahali pake. Voliumu imegeuzwa na goti au na abiria wa mbele. Frikwensi umeiandika sawa kabisa lakini iko kwenye dirisha la kusubiri, hujabonyeza kile kitufe cha kubadilishana, kwa hiyo bado uko kwenye frikwensi ya zamani unamwita mtu ambaye hayupo. Paneli ya sauti inaonyesha redio namba mbili ndo inayozungumza wakati wewe unahangaika na namba moja. Kwa hiyo fanya hivi: fungulia skwelchi, yaani kile kitufe cha kujaribu kinacholeta mshindo wa shhhh. Ukiusikia huo mshindo basi hedseti yako inasikia, voliumu ipo, redio ina umeme, tatizo tafuta kwingine. Usipousikia, anza na voliumu na plagi.

Plagi nataka nizikalie kidogo kwa sababu zinasumbua wengi. Hedseti za ndege ndogo zina plagi mbili, moja nene na moja nyembamba kidogo. Ile nene ni ya kusikia, ile nyembamba ni ya kuongea. Ukisikia wenzako vizuri kabisa lakini wewe hakuna anayekujibu, shika ile nyembamba, izungushe, isukume mpaka ndani, unaweza kuikuta imetoka nusu tu, yaani kwa macho imekaa lakini haigusi. Kama unaongea na watu wanakujibu lakini wewe husikii kitu, shika ile nene. Halafu ukibonyeza batani ya kuongea sikiliza sauti yako mwenyewe masikioni na angalia kioo cha redio, redio nyingi zinawasha kialama kidogo kuonyesha zinarusha sauti yako. Kialama kisipowaka, batani yako ndo mgonjwa, jaribu batani ya upande wa pili au ile maikrofoni ya mkononi kama ndege inayo. Kama hedseti ya pili ipo kwenye ndege, badilisha, inachukua sekunde chache.

Baada ya hapo hamia redio ya pili, rudi kwenye frikwensi ya mwisho iliyokuwa inafanya kazi ujaribu kuwaita wale waliokuachia, na angalia saketi breka. Kama imeruka irudishe mara moja tu. Ikiruka tena iache, kuna kitu kinaungua au kinapiga shoti huko ndani na hutaki kukilazimisha ukiwa angani.

Kitu kingine ni umeme wenyewe. Altaneta, ile inayochaji betri, ikifa redio haizimi papo hapo, unaishi kwa betri, na kuongea kunakula umeme mwingi kuliko kusikiliza, kwa hiyo dalili ya kwanza ni kwamba unasikia vizuri ila kila ukibonyeza batani sauti inakatika au kioo kinafifia. Hapo angalia geji ya umeme. Kama betri inatoka tu haiingizi, zima kila usichokihitaji, ongea mara moja kwa maneno machache kabla umeme haujaisha, sema una tatizo la umeme, unaelekea wapi na utaingiaje, halafu tunza kilichobaki kwa ajili ya kutua.

Na kuna wakati hakuna kilichoharibika kabisa, uko chini mno. Redio za VHF tunazotumia zinaenda kwa mstari ulionyooka, mlima ukikaa katikati umekwisha, hata mviringo wa dunia wenyewe unakukata. Hesabu yake ni rahisi, chukua kimo chako kwa futi, tafuta kipeuo cha pili chake, zidisha kwa 1.23, unapata maili za baharini. Futi 1,000 inakupa kama maili 39, futi 10,000 inakupa kama 123. Uwanja wa Dar na uwanja wa Zanzibar ziko karibu maili 40, kwa hiyo ukiwa umetoka Zanzibar sasa hivi uko futi mia kadhaa juu ya maji usishangae Dar hawakusikii, panda kwanza. Kenya ndo kabisa, mtu anatoka Wilson anavuka vilima vya Ngong ambavyo vinazidi futi 8,000 halafu anashuka kwenda Magadi ambako ardhi iko kama futi 2,000, yaani amejificha nyuma ya ukuta mwenyewe kisha anaanza kulalamika redio mbovu. Panda, au ita ndege nyingine iliyo juu yako ikupelekee ujumbe. Marubani wa huku wanasaidiana sana kwa hilo, usione haya kuomba.

Sasa ile mbaya kuliko zote kwa maoni yangu ni batani iliyonata. Hapo redio yako inarusha muda wote bila wewe kujua, husikii mtu, na mbaya zaidi umewazibia wenzako wote kwenye frikwensi hiyo, mwenye dharura hawezi kuongea, mnara hauwezi kutoa ruhusa. Dalili ni ukimya wa ghafla sehemu ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa na kelele, na kile kialama cha kurusha kimewaka hakizimi. Chomoa ile plagi nyembamba mara moja. Angalia kama ile maikrofoni ya mkononi haijadondoka ikabanwa na kiti, angalia batani ya usukani haijazama, na kama bado inarusha zima redio hiyo tumia nyingine. Na wakati wowote frikwensi ikikaa kimya kwa namna isiyo ya kawaida jishuku wewe kwanza.

Kwa nini nalikazia hili la kuzibiana? Kwenye redio za ndege watu wawili wakiongea kwa pamoja hakuna anayesikika vizuri, kinachotoka ni mluzi. Tarehe 27 Machi 1977 kule Los Rodeos, Tenerife, ndani ya ukungu, ndege ya KLM ilikuwa inaanza kukimbia kuruka wakati ya Pan Am bado iko kwenye njia hiyohiyo ya kurukia. Mnara ukasema subiri, nitakuita, na Pan Am wakati uleule wakasema bado tupo kwenye njia. Zile sauti mbili zikagongana na ndani ya chumba cha marubani wa KLM zikafika zimefunikwa na mluzi. Walikufa watu 583. Kulikuwa na sababu nyingine pia, haraka, ukungu, maneno yasiyo rasmi, lakini zile sekunde chache za mluzi zilikuwa na ujumbe ambao ungewasimamisha. Kwa hiyo sikiliza kabla ya kubonyeza, vuta pumzi, ongea kifupi, achia. Ukisikia mluzi sema "blocked", yaani imezibwa, ili warudie. Na baada ya ajali ile neno "take-off" likawekewa mipaka, linatumika pale tu unapopewa ruhusa ya kuruka au ruhusa hiyo inapofutwa, kwingine kote tunasema "departure". Ukimsikia mwalimu wako anakuwa mkali kwa hilo, ana haki.

Haya, umekagua yote na bado kimya. Weka 7600 kwenye transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada kwa namba. Hiyo namba inawaambia wenye rada kwamba redio imekufa. Usichanganye, 7700 ni dharura na 7500 ni utekaji nyara, na kama transponda yako ni ile ya zamani ya kuzungusha namba moja moja angalia usipitie 7500 au 7700 ukielekea 7600, iweke kwanza kwenye kusubiri ndo uzungushe. Ukishaweka, endelea kuongea hata kama husikii, kwa sababu inawezekana wewe unasikika ila masikio yako ndo yamekufa. Unaanza na "transmitting blind due to receiver failure", yaani naongea bila kusikia majibu, unasema uko wapi, kimo gani, unaenda kufanya nini, unarudia ujumbe wote mara ya pili, halafu unataja saa utakayoongea tena. Jaribu pia 121.5, ile ya dharura, wakubwa wengi wanaopita juu na ndege za abiria wanaisikiliza.

Na simu. Kama uko kimo cha chini na mtandao unashika unaweza kupiga, kwa hiyo namba ya mnara iwe kwenye simu yako tangu kabla hujaruka, hedseti nyingi sa hivi zinaunganishwa na simu kwa bluetooth. Redio ndogo ya mkononi nayo ni kitu kizuri sana cha kuwa nacho kwenye begi, ila ichaji, na hakikisha una ile waya ya kuiunganisha na hedseti la sivyo kelele ya injini haitakuruhusu usikie chochote.

Kama unaruka kwa macho na hali ya hewa ni nzuri, sheria iko wazi: baki kwenye hali ya hewa nzuri, tua uwanja unaofaa ulio karibu, kisha toa taarifa haraka. Hapa natoa ushauri wangu, kama hukuwa umeshapewa ruhusa ya kuingia kwenye uwanja mkubwa wenye majeti, usiende kujichomeka pale kama kuna kiwanja kidogo kisicho na mnara karibu, tua huko upige simu. Kama hamna namna, njoo juu ya kimo cha wanaozunguka, angalia soksi ya upepo, angalia wenzako wanatua upande gani, kisha ingia taratibu kwenye mzunguko wa kawaida, taa zote zimewashwa, na macho kwa mnara.

Mnara utakujibu kwa taa. Ukiwa angani, kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua. Nyekundu isiyokatika maana yake mpishe mwenzako uendelee kuzunguka. Kijani inayomulika mulika inasema rudi uje kutua, na hapo bado hujaruhusiwa kutua, unasubiri ile isiyokatika, na watu wengi hii ndo wanaikosea. Nyekundu inayomulika, uwanja si salama, usitue. Nyeupe inayomulika, tua hapa kisha nenda eneo la kuegesha. Ukiwa ardhini rangi ni zilezile ila maana zinabadilika, kijani isiyokatika ruka, kijani ya kumulika tembea, nyekundu isiyokatika simama, nyekundu ya kumulika ondoka kwenye njia inayotumika, nyeupe ya kumulika rudi ulikoanzia. Unajibu kwa kutikisa mabawa mchana, lakini ukiwa umeshageuka kuelekea kutua kwenye besi au fainali, zile sehemu mbili za mwisho za mzunguko, hutakiwi kutikisa chochote, wewe tua. Usiku unamulika taa za kutua mara mbili. Ardhini mchana unachezesha vile vibao vya kwenye mabawa au usukani wa mkia.

Ile taa ni mwanga mwembamba unaoelekezwa kwako, kwenye jua kali la saa saba mchana haionekani kirahisi kama unavyofikiri, na kama unatazama sehemu nyingine utaikosa kabisa. Kwa hiyo ukiwa unaenda sambamba na njia ya kurukia, kila baada ya kuangalia mbele rudisha jicho mnarani. Na hizi rangi ziandike kwenye karatasi ya pajani, usitegemee kichwa.

Wanaoruka kwa vyombo ndani ya mawingu wana utaratibu wao na ni mrefu, nitaugusa tu. Kwa kanuni za ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unabaki na kimo na spidi ya mwisho uliyopewa kwa dakika 7 kama uko kwenye eneo la rada, au dakika 20 kama hakuna rada, kisha unafuata mpango wa safari uliowasilisha mpaka kwenye kituo cha kuongozea ndege cha uwanja unaoenda, unaanza kushuka kwa ule muda waliokupa au muda wa kufika uliouandika mwenyewe, na ukiweza unatua ndani ya nusu saa kutoka hapo. Soma AIP, yaani kitabu rasmi cha taarifa za anga, ya nchi unayoruka kwa sababu nchi nyingine zimebadilisha baadhi ya vipengele. Ndo maana ule mpango wa safari hauandikwi kwa kukisia, siku redio ikifa ule ndo utakuwa unaongea badala yako.

Nimesema mtu wa mnarani ana utaratibu wake, basi ujue anafanya nini ili umsaidie. Kitu cha kwanza atajaribu kujua kama unamsikia. Atasema kama unanisikia geuka kulia nyuzi kadhaa, au bonyeza kitufe cha kujitambulisha kwenye transponda. Ukisikia, fanya mara moja, maana kuanzia hapo anaweza kukuongoza kwa ndiyo na hapana mpaka chini. Ataomba ndege nyingine ikuite, ataangalia kama uko frikwensi ya jirani, ataongea hewani hata kama hujibu, na atawatenga wengine mbali na njia yako kwa kudhani utafuata utaratibu.

Kuna na matatizo ambayo redio ni nzima kabisa na bado ujumbe haufiki. Majina yanayofanana ni mojawapo, kampuni moja ina ndege nne zote usajili wake umeanza na 5H ya Tanzania au 5Y ya Kenya na herufi za mwisho zinakaribiana, ruhusa ya mmoja inachukuliwa na mwingine. Usifupishe jina lako mpaka mnara wenyewe uanze kulifupisha, na ukisikia ruhusa ambayo huielewi kama ni yako, uliza. Rudia namba zote, kimo, frikwensi, njia, usijibu "roger", yaani nimekusikia, peke yake kwa kitu kinachotakiwa kurudiwa. Kwa dharura tumia maneno yake yenyewe. Tarehe 25 Januari 1990 Avianca 52 ilizungushwa sana kabla ya kutua JFK, New York, marubani wakasema mafuta yanaisha lakini hawakutamka kwamba wana dharura, mnara ukawachukulia kama ndege nyingine yoyote iliyochelewa, na ikaanguka Cove Neck wakafa watu 73 kati ya 158. Sema MAYDAY mara tatu kama uko hatarini, au PAN PAN mara tatu kama ni jambo la haraka, mnara ukisikia hivyo kila kitu kinabadilika. Na Novemba 12, 1996 juu ya Charkhi Dadri, India, ndege mbili ziligongana wakafa 349, suala la kuelewana kwa Kiingereza likawa mojawapo ya yaliyochunguzwa, na tangu Machi 2008 ICAO inataka marubani na waongoza ndege wa kimataifa wawe angalau daraja la 4 la lugha. Wala haikudai lafudhi ya Ulaya. Ongea polepole na tamka namba moja moja.

Kwa wanaovuka maeneo makubwa kama Kongo, ambako VHF haifiki kila mahali, kuna redio za HF, sauti yake inaruka mbali kwa kugonga tabaka la juu la anga, mchana unatumia frikwensi za juu na usiku unashuka, na kuna 126.9 ambako marubani wanatangaza wenyewe kwa wenyewe walipo na kimo chao. Itumie hata kama unadhani uko peke yako angani.

Ukishatua salama piga simu mnarani kabla hujafungua mlango wa mizigo wala kwenda chai. Nusu saa baada ya muda waliotegemea kukusikia wanaruhusiwa kuanza hatua za kukutafuta, na watu hao wataacha kazi nyingine kwa ajili yako. Kisha chukua kitabu cha ndege uandike hitilafu vizuri, usiandike redio mbovu ukaishia hapo, fundi hawezi kufanya chochote na hayo maneno. Andika ni redio namba ngapi, ulikuwa unasikia husikiki au kinyume chake, hedseti ya upande gani, kimo gani, frikwensi ipi, kialama cha kurusha kiliwaka au hakikuwaka, geji ya umeme ilisoma ngapi, na ulijaribu nini kikarudi kidogo kabla ya kukata tena, na umwambie kwa mdomo rubani anayefuata kuichukua ndege hiyo asije akaondoka nayo kabla fundi hajaigusa.